Lami, kalavati au zahanati: barabara ya kijiji inamjenga nani?

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya maendeleo ya kata huku Makete, mkoa wa Njombe. Kijiji chetu kiko kilomita 18 kutoka barabara kuu. Kiangazi Fuso linaingia hadi shambani, lakini kifuku kikikolea hata pikipiki inakwama. Tunalima viazi, ngano kidogo, na sasa parachichi. Diwani anataka tuombe lami. Wengine tunasema fedha ziende kwenye zahanati na sekondari kwanza, maana barabara itawanufaisha wenye malori na madalali. Nani yuko sahihi? Na kama ni barabara, tuombe nini hasa?

Jibu: Ndugu mjumbe, diwani yuko sahihi kuhusu barabara ila amekosea kuhusu lami. Ninyi mnaotaka zahanati na sekondari mmeshika lengo lenyewe, lakini zahanati isiyofikiwa na gari la dawa kuanzia Januari hadi Aprili ni jengo lenye bango tu. Ombeni barabara ya udongo na changarawe inayopitika Machi, kilomita zote 18, pamoja na fedha ya kuitunza. Lami ije baadaye, tena kwa vipande. Na hofu yenu juu ya madalali msiitupe. Ina msingi, nitaigusa.

Tangu 1990 UNDP, Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, hupima maendeleo ya watu kwa kipimo kilichobuniwa chini ya uongozi wa mchumi wa Pakistan, Mahbub ul Haq. Kipimo hicho kinaangalia mambo matatu: miaka ambayo mtoto anayezaliwa leo anatarajiwa kuishi, miaka ya shule, na pato kwa kila mtu. Tangu 2010 alama hizo tatu huzidishwa kisha hutafutwa kipeuo cha tatu. Kwa hiyo pato likipanda huku umri wa kuishi umesimama palepale, fedha haiwezi kuficha pengo hilo. Kilomita za barabara hazimo. Hakuna nchi inayopata alama kwa sababu ya lami. Barabara inaingia kwa mlango wa nyuma tu, pale inapomfikisha mtu kwa mkunga, kwa mwalimu au kwa mnunuzi, na inapomfikisha kwa wakati na kwa nauli anayoimudu.

Ndiyo maana tafiti nzuri kuhusu barabara za vijijini hazitoi jibu moja. Ethiopia, katika vijiji 15 vilivyofuatiliwa kwa miaka mingi, kuwa na barabara inayopitika mwaka mzima kulipunguza kiwango cha umaskini kwa pointi 6.9 za asilimia na kuongeza kasi ya ukuaji wa matumizi ya kaya kwa pointi 16.3 za asilimia. Ila utafiti huohuo, uliochapishwa 2009, ulipima pia kutembelewa na bwana shamba, na hata mara moja tu ilitosha kuambatana na upungufu wa umaskini wa pointi 9.8 za asilimia. Bwana shamba hakuachwa mbali na greda.

India ilianza mpango mkubwa wa barabara za vijiji mwaka 2000, na watafiti walipolinganisha vijiji vilivyopata barabara na vilivyokosa, waliona jambo ambalo wanasiasa hawakulitegemea. Mavuno, mali za kaya na matumizi havikubadilika sana. Kilichobadilika ni watu kutoka kwenye kilimo na kwenda kufanya kazi za mshahara nje ya kijiji. Watoto nao wengi zaidi walibaki shuleni baada ya elimu ya msingi, hasa pale ambapo elimu ilikuwa na kazi inayoisubiri mbele. Msishangae basi vijana wenu wakiwa wa kwanza kuitumia barabara, na kuitumia kuondoka. Kwa maoni yangu hilo si hasara. Kijana anayeweza kwenda Njombe mjini kufanya kibarua na kurudi Jumamosi amepanuliwa maisha kuliko yule aliyefungiwa na tope.

Tukitaka kuona barabara inavyoshindwa, Kusini wametufundisha vizuri. Kabla Daraja la Mkapa la mita 970 halijafunguliwa Rufiji mwaka 2003, wasafiri wa Lindi na Mtwara walitegemea kivuko, na mvua ikizidi walilala njiani. Daraja likaja, lami ikakamilika baada ya miaka mingi. Halafu Mei 2024, mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zilipobomoa barabara eneo la Somanga, mikoa miwili ikakatika na Dar es Salaam ingawa mamia ya kilomita za lami nzuri zilikuwa palepale. Barabara ina nguvu ya sehemu yake dhaifu kuliko zote. Katika kilomita zenu 18 huenda kuna sehemu kumi au kumi na mbili za namna hiyo, na hizo ndizo barabara yenu halisi. Zilizobaki ni udongo unaopitika wenyewe.

Shilingi inayookolewa inaishia kwa nani

Chukueni hesabu ya gunia moja la viazi. Namba hizi ni za mfano, wekeni zenu. Sokoni gunia linauzwa 70,000. Bodaboda au wabebaji hadi barabara kuu ni 10,000, lori hadi sokoni 12,000, ushuru na dalali 6,000, mnunuzi anabaki na 12,000. Mkulima anapata 30,000. Barabara ikitengenezwa na Fuso likaingia hadi kijijini, ile 10,000 inakuwa 3,000, maana kubeba magunia mawili matatu kwa pikipiki ni ghali mno kwa kila kilo ukilinganisha na lori lililojaa. Zimepatikana 7,000. Zikienda zote kwa mkulima, bei yake ya shambani imepanda kutoka 30,000 hadi 37,000, karibu robo nzima, bila kuongeza hata kilo moja ya mbegu.

Lakini je, zitakwenda kwake? Benki ya Dunia ilipochunguza gharama za malori barani Afrika katika ripoti ya 2009, iligundua kwamba Afrika ya Kati na Magharibi, ambako wachache hugawana mizigo kwa makubaliano, kutengeneza barabara peke yake hakukushusha nauli. Faida ilibaki kwa wenye malori. Kijijini ni vilevile. Akija mnunuzi mmoja, atawalipa 30,000 ileile na kusema bei ya soko imeshuka. Wakija watatu siku moja, 7,000 hiyo itaanza kusogea upande wenu.

Kwa hiyo pamoja na barabara panahitajika kituo kimoja cha kukusanyia mazao, chenye siku maalumu, na mizani. Mizani hasa. Bila mizani mtaendelea kuuza lumbesa: gunia la kilo 100 lililoshonewa kilemba juu hadi likafika kilo 130, kwa bei ya kilo 100. Hapo mkulima amepoteza kilo 30, na hakuna barabara itakayomrudishia. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndiye anayehakiki mizani. Kikundi au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ikinunua mizani moja ya jukwaa ya kilo 300 na kuihakikisha kila mwaka, inaweza kuwapa wakulima fedha ya haraka kuliko kilomita mbili za changarawe. Siwaambii muache barabara. Nawaambia vitu hivi viwili vikiachana, barabara inakuwa ya mnunuzi.

Kuna upande wa pili ambao husahaulika: barabara huleta pia. Mbolea ya ruzuku ina bei elekezi kwa wakala, ila kutoka kwa wakala hadi shambani ni juu ya mkulima. Mfuko wa kilo 50 unaopanda kwa pikipiki wakati wa kupanda, mvua zikiwa zimeanza, ndio unaomfanya mtu apunguze mbolea au achelewe nayo wiki mbili. Na parachichi ni jambo jingine kabisa. Kiazi kinavumilia mtikisiko. Parachichi la kuuza nje likigongana kwenye kreti kilomita 18 za mashimo, michubuko haionekani siku hiyo. Itaonekana tunda likiiva, na mnunuzi atalikataa. Kwa zao hilo ulaini wa barabara una bei yake.

Mjamzito na mwanafunzi

Wataalamu wa afya ya uzazi hugawa vifo vya wajawazito katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Barabara inagusa moja kwa moja ule wa pili. Lakini inagusa na wa kwanza, kwa sababu familia inayojua kwamba gari halipatikani, au litadai laki na nusu, husubiri "tuone kwanza". Damu inayotoka kwa wingi baada ya kujifungua inaweza kumuua mama ndani ya saa mbili. Kilomita 18 kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa ni dakika 36. Kwa mwendo wa mtu anayesukuma gari kwenye tope, saa mbili zimeisha kabla hajaona barabara kuu.

Ule ucheleweshaji wa tatu barabara haiuwezi. Kituo kisicho na damu salama, dawa ya usingizi wala mtu wa kufanya upasuaji kitampokea mama haraka na kumwangalia. Wenye hoja ya zahanati, hapa ndipo penu. Mpaka barabara itengenezwe, hakikisheni kila balozi na kila mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaijua namba 115 ya m-mama, ambayo ni bure na hupanga usafiri wa dharura kwa mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, ikiwemo kuwatumia madereva wa jamii waliosajiliwa pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali. Ulizeni halmashauri kama kijiji chenu kina dereva aliyesajiliwa. Kama hakuna, tafuteni mwenye gari la magurudumu manne yanayovuta yote. Na kwa wanawake wenye ujauzito wa hatari, nyumba ya kusubiria karibu na kituo cha afya kuanzia wiki ya 36 ni nafuu kuliko daraja lolote.

Shuleni faida inategemea umbali. Mtoto anayeishi kilomita 2 au 3 kutoka shuleni anahitaji kivuko cha miguu juu ya kijito kuliko anavyohitaji barabara. Anayeishi kilomita 8 hatasaidiwa na changarawe kama hana cha kupanda. Na hapa pana jambo la kusema wazi: barabara ikifunguka, bodaboda huja, na wasichana wa sekondari wanaotembea mbali hupewa lifti zenye malipo yasiyotajwa mapema. Bweni la wasichana lingeingia kwenye andiko lilelile la barabara, si miaka mitano baadaye. Walimu nao mara nyingi huomba uhamisho kwa sababu ya njia. Mwalimu anayeweza kwenda benki na kurudi siku moja hakosi vipindi vya siku tatu kila mwisho wa mwezi.

Sasa barabara yenyewe

Adui wa barabara ya milimani ni maji, na magari huja nyuma yake kwa mbali. Karibu kila kitu mtakachoomba kiwe cha kuyatoa maji barabarani haraka na kuyapeleka mahali yasipoharibu shamba la mtu.

Kwanza ni mgongo. Barabara ya upana wa mita 5.5 inatakiwa iwe juu katikati kuliko pembeni kwa mteremko wa asilimia 5 hadi 6 baada ya kushindiliwa, yaani kama sentimita 14 hadi 16.5. Kwa macho inaonekana nyingi mno, na madereva wa greda hupenda kuisawazisha. Kataeni. Mkishuka chini ya asilimia 3 maji yatasimama, tairi zitachimba, na shimo litazaliwa. Kupima hakuhitaji mhandisi: kamba iliyovutwa kutoka katikati hadi ukingoni, pima maji ya fundi mwashi, na futi.

Pili ni mitaro. Mtaro wa pembeni unaoteremka mlima mzima bila pa kutokea huwa korongo ndani ya misimu miwili, kisha hula barabara. Toeni maji pembeni kwa michepuko midogo kila mita 20 hadi 50, kadiri udongo na mteremko unavyodai, na kubalianeni na wenye mashamba kabla ya kuchimba, maana mchepuko uliochimbwa bila ridhaa huzibwa usiku. Mteremko wa mtaro ukizidi asilimia 4, wekeni vizuizi vya mawe au vigingi: kwa asilimia 5 kila mita 20, kwa asilimia 10 kila mita 6 hivi. Kila kizuizi kiwe na tumbo katikati ili maji yapite juu yake, yasikizunguke.

Tatu ni makalavati. Milimani mawili hadi manne kwa kilomita si anasa. Ombeni kipenyo cha sentimita 90, msikubali 60 kwa sababu ya unafuu, isipokuwa kwenye njia za kuingia majumbani. Kalavati la 60 huziba kwa majani na mchanga, na mtu mzima hawezi kuingia kulizibua. La 90 anaingia na koleo. Liwekwe na mteremko wa kama asilimia 3 ili lijisafishe, na udongo wa juu yake usipungue sentimita 60, vinginevyo lori litalipasua. Makalavati mengi yanayosombwa hayavunjiki. Maji hupita pembeni yake kwa sababu udongo ulirudishwa wote kwa mkupuo badala ya kushindiliwa tabaka kwa tabaka, sentimita 15 kila moja, pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kosa jingine ni kuacha mdomo wa kutokea bila mawe. Maji huchimba, ukuta wa mbele huning'inia, na msimu wa pili unaanguka.

Kwenye vijito vinavyojaa kwa saa chache tu, drifti, yaani sakafu ya zege au mawe ambayo maji hupita juu yake, yenye nguzo za kuonyesha kina cha maji yatosha. Kwa mto unaotiririka mwaka mzima, ulizieni daraja la mawe la upinde. TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, imejenga mengi ya aina hiyo, yaliyoanza kusambaa kutokea Kigoma. Yanatumia mawe ya palepale na mafundi wa palepale, nondo ni kidogo au hakuna, na gharama iko chini sana ya daraja la zege lenye ukubwa uleule. Makete mawe mnayo.

Changarawe ndiyo inayokula fedha, kwa hiyo iweke mwisho na kwa uchaguzi. Kilomita moja yenye upana wa mita 5.5 na unene wa sentimita 15 inameza mita za ujazo 825 zilizoshindiliwa, ambazo ni kama 1,070 zikiwa zimelegea kwenye tipa. Tipa la mita 15 litakwenda safari zaidi ya 70. Kilomita zote 18 ni karibu safari 1,300, na fedha itakatika njiani kabla hamjafika kwenye mlima mbaya. Wekeni pale udongo unapolegea tu: mabondeni, kwenye mfinyanzi mwekundu, na kwenye kupanda. Penye udongo wenye kokoto asilia, chongeni mgongo na mitaro, mshindilie, muache.

Kagueni moramu, yaani udongo wa changarawe wenyewe, kabla haujaletwa. Chukua moramu wa kujaa kiganja kimoja, uloweshe, usokote. Ukisokoteka kama uzi mwembamba wa milimita 3 bila kukatika, mfinyanzi umezidi na barabara itateleza kama sabuni. Usiposhikana kabisa, mchanga umezidi na ndani ya miezi michache mtakuwa na mawimbi kama bati. Unaotakiwa unashikana ukiminywa na bado unaona mawe, na jiwe kubwa lisizidi sentimita 4 au 5. Ushindiliwe ukiwa na unyevu. Mkandarasi anayemwaga na kutandaza bila boza la maji amewauzia vumbi.

Miteremko inayozidi asilimia 10 hivi changarawe haikai. Hapo ombeni mistari miwili ya zege ya kupitisha tairi, kama sentimita 90 kila mmoja, au mawe yaliyopangwa. Majirani zenu Ludewa walipata zege kamili kwa kilomita 50 kati ya Lusitu na Mawengi kwa sababu ya milima na mvua zilezile. Ninyi mnahitaji labda kilomita moja na nusu kwa jumla, mkihesabu kila mlima. Hiyo ndiyo "lami" yenu ya kwanza.

Kuhusu lami ya kweli: kwa kawaida kilomita moja hugharimu mara kumi au zaidi ya changarawe. Hoja ya kiuchumi huanza kuwa nzito magari yakikaribia 150 au 200 kwa siku, au mapema zaidi kama changarawe inatolewa mbali sana. Mkipewa kilomita 2 za lami mwanzoni mwa barabara, mtapiga picha nzuri, na Machi Fuso litakwama kilomita ya tano kama zamani.

Baada ya kukata utepe

Barabara ya changarawe yenye magari kama mia kwa siku hupoteza sentimita 2 hadi 3 za changarawe kwa mwaka. Sentimita 15 zenu basi ni za miaka mitano au sita, tena kama mitaro inafanya kazi. Isipofanya kazi, hesabuni misimu miwili.

TARURA, iliyoanzishwa 2017, ina mtandao wa zaidi ya kilomita 140,000 wa kuangalia kwa fedha za Mfuko wa Barabara, zikiwemo zile shilingi 100 kwa lita ya mafuta zilizoongezwa 2021 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Hazitoshi kila mahali. Kinachowezekana ni kikundi cha kijamii chenye mkataba wa matengenezo madogo, utaratibu ambao TARURA tayari inautumia sehemu nyingi. Mtu mmoja anaweza kuhudumia kilomita moja na nusu hadi mbili kwa jembe, koleo, sululu, fyekeo na toroli, kwa siku chache kwa wiki. Kwa kilomita 18 ni watu 10 hivi. Kalavati zizibuliwe Oktoba, michepuko ikaguliwe kila baada ya mvua kubwa, na greda ipite Mei udongo ukiwa bado na unyevu. Greda ya Agosti kwenye udongo mkavu hukwangua changarawe na kuipeperusha.

Malori ya mbao ni kesi ya peke yake. Ekseli yenye uzito mara mbili hudhuru barabara karibu mara 16, si mara mbili, kanuni inayotokana na majaribio ya barabara yaliyofanyika Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Lori moja lililozidisha, likapita saa moja baada ya mvua, linaweza kufuta kazi ya kikundi ya mwezi mzima. Ombeni TARURA iweke kibao cha ukomo wa tani na kizuizi cha mvua, kinachofungwa mvua ikinyesha na kufunguliwa uso wa barabara ukikauka. Msikiweke wenyewe bila kibali, kitageuka kuwa geti la kukusanyia ushuru.

Kuna madhara yanayokuja hata barabara ikiwa nzuri. Mwendo utaongezeka: matuta na kibao cha kilomita 30 kwa saa mbele ya shule na mnada viwe ndani ya gharama za awali. Ardhi ya kando itapanda bei, na wa kwanza kuuza ni wajane na vijana wenye shida ya haraka. Serikali ya kijiji itangaze mapema mpaka wa hifadhi ya barabara, kabla mtu hajajenga kibanda na kukuta alama ya X nyekundu ukutani bila fidia.

Mwisho, namna ya kuomba. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na makadirio huandaliwa tangu Novemba, kwa hiyo barua inayofika Aprili ni ya mwaka unaofuata. Tembeeni barabara nzima sasa, mvua zikiwepo kama inawezekana, mkianzia njiapanda na kusoma mita ya pikipiki. Kila mahali pabaya paandikwe kwa kilomita, mfano "4.3: kijito, magari hukwama Januari hadi Aprili, siku 40", na picha. Hesabuni kwa saa 12, siku moja ya mnada na moja ya kawaida, kila kinachopita: lori, pikipiki, baiskeli, na watembea kwa miguu, hasa waliobeba mizigo kichwani, maana hao ndio wengi na ndio wasioonekana kwenye takwimu. Kutoka zahanati chukueni idadi ya rufaa za wajawazito kwa kila mwezi na muda waliotumia. Kutoka sekondari, mahudhurio ya Agosti na ya Machi. Kutoka kwa wakulima, bei ya gunia shambani na sokoni kwa wiki ileile.

Ipitisheni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha kamati ya kata, muhtasari uambatanishwe, nakala kwa Meneja wa TARURA wa wilaya na kwa diwani. Pangeni sehemu mbaya kwa mpangilio wa kipaumbele, ili fedha ikitoka nusu muwe mmeshasema nusu ipi. Nakala moja ya takwimu ibaki ofisi ya kijiji, na zoezi lilelile la kuhesabu mlirudie miezi ileile mwaka mmoja baada ya kazi kukamilika. Mkikuta malori yameongezeka huku bei ya shambani na rufaa za wajawazito ziko palepale, suluhisho lipo kwenye mizani, wanunuzi na kituo cha afya. Hapo msiombe greda tena.